Wafanyakazi wetu wataanza kuongea moja kwa moja na wanunuzi wa Hamburg, Tokyo na Muscat: niwaandaeje?

AfisaWatu_Moshi

Habari za jioni wakuu.

Kampuni yetu iko Moshi, tunakoboa na kuuza kahawa ya arabika. Siku zote mauzo ya nje yamepitia kwa wakala: yeye ndiye anayeongea na wanunuzi, sisi tunafikisha mzigo bandarini. Msimu ujao tutauza wenyewe kwa mnunuzi mmoja wa Hamburg, mmoja wa Tokyo, na mkaangaji mmoja wa Muscat. Watakaowasiliana nao ni watu saba: wawili wa mauzo, mmoja wa ubora ambaye ndiye mwonjaji, wawili wa nyaraka na usafirishaji, mhasibu, na meneja wa kiwanda. Kiingereza cha kazini wanakiweza. Hakuna aliyewahi kufanya kazi nje ya nchi.

Nina wiki sita na fungu dogo. Kuna mkufunzi ametupa ofa ya semina ya siku mbili hotelini, siku ya kwanza "tamaduni za dunia", ya pili "adabu za biashara ya kimataifa", pamoja na jedwali la nchi, lenye alama za utamaduni wa kila nchi. Hiyo itatosha? Kama haitoshi, nifundishe nini, kwa utaratibu gani, na nitajuaje kwamba wameiva? Naomba majibu ya vitendo.

---

Mkataba_FOB

Mkuu, hiyo semina iweke pembeni kwanza. Watu watatoka pale wanajua mambo mengi kuhusu Wajapani na Wajerumani, na barua wanazoandika zitabaki zilezile. Biashara yenu itaendeshwa kwa barua pepe, simu za video na nyaraka. Kukutana uso kwa uso ni labda mara moja kwa mwaka. Maandalizi yaanzie kwenye barua.

Wiki ya kwanza kusanya barua 30 hivi ambazo kampuni imeshaandika: kwa wakala, kwa kampuni ya meli, benki, muuza magunia. Futa majina, chapisha, gawa. Kila mtu ashike kalamu na atafute vitu vitatu: ahadi isiyo na tarehe, tatizo lililotajwa baada ya kuulizwa, na "ndiyo" ambayo mwandishi mwenyewe alijua haijawa ndiyo. Vitapatikana vingi. Havina ubaya tukiwa wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu kila mtu anajua mwenzake alikusudia nini. Mnunuzi wa mbali hajui.

Chukua sentensi moja tu: "Tutajitahidi mzigo uwahi meli ya tarehe 14." Mtu wa Hamburg akiisoma anaandika tarehe 14 kwenye mpango wake na kumwambia mkaangaji wake. Mtu wa Tokyo akiisoma kuna uwezekano mkubwa ataona amekataliwa kwa heshima, kwa kuwa kwao jibu la namna hiyo mara nyingi ndivyo linavyotumika, na ataanza kuuliza upya kwa njia nyingine. Mwandishi wa Moshi alimaanisha kitu cha tatu: nafasi melini bado haijathibitishwa. Sentensi moja, wasomaji wawili, na hakuna aliyepata habari.

Wafundishe kuandika kila ahadi kwa vipande vitatu: kinachojulikana, kisichojulikana, na lini nitakuandikia tena. Mfano:

"Mzigo uko tayari: magunia 320 ya kilo 60, unyevu 11.4%. Nafasi kwenye meli ya tarehe 14 Machi haijathibitishwa. Nitakuandikia Alhamisi tarehe 6 Machi kabla ya 15:00 saa za Moshi, hata kama kampuni ya meli itakuwa haijanijibu."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayojenga imani kuliko mengine yote, na ndiyo ambayo watu wetu huyaacha. Tunaona aibu kuandika kusema hakuna jipya.

La pili, habari mbaya. Sisi tumelelewa kutomfikia mkubwa na tatizo bila kuwa na dawa yake. Mtu anajua Jumatatu kuwa kontena limeachwa na meli, anahangaika Jumanne na Jumatano kutafuta meli nyingine ili aandike akiwa na jibu, anaandika Alhamisi. Kwake huo ni uungwana. Mnunuzi wa Hamburg angeambiwa Jumatatu angenunua mzigo ulio ghalani pale bandarini na kuziba pengo, Alhamisi amechelewa. Tokyo ni zaidi: ofisa mnayeandikiana naye huwa ameshapeleka tarehe yenu kwa idara kadhaa za ndani na kupata ridhaa yao, kwa hiyo ikibadilika dakika za mwisho anazunguka upya kote huko na aibu inakuwa yake yeye. Wekeni kanuni ya ndani: habari mbaya inaandikwa ndani ya saa 24 tangu mtu wa kwanza kwenye kampuni aijue, dawa iwepo isiwepo.

Zoezi lenyewe liendeshwe hivi. Andaa kadi kumi za matukio: sampuli imekataliwa, meli imeahirishwa, unyevu umepimwa tena umekuwa 12.8%, mnunuzi anaomba punguzo baada ya kusaini mkataba, hati ya shehena ina jina lililokosewa herufi, na kadhalika. Kila mtu anachukua kadi na kuandika barua kwa dakika 15. Kisha barua inapewa mwenzake ambaye hajaiona kadi. Huyo anaisoma kama mnunuzi na kuandika chini yake: "Baada ya kusoma hii, nitafanya nini leo?" Likitofautiana na alichokusudia mwandishi, barua inaandikwa upya. Fanyeni mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila kipindi. Hapo ndipo fungu lako dogo linatosha kabisa, maana gharama ni karatasi.

---

Nyaraka_Tanga

Naunga mkono, ila kuna sehemu kavu ambayo nayo inaua mikataba: saa, tarehe, namba na majina. Tenga kipindi kimoja kizima kwa hayo.

Saa. Kuna kitu cha kuangalia kwa makini. Tokyo wako mbele yetu kwa saa sita, na saa ya Kiswahili nayo inatofautiana na ya kizungu kwa sita. Kwa hiyo saa tatu asubuhi ya Moshi, mshale mfupi wa saa ya ukutani Tokyo unaonyesha 3, yaani saa zao 15:00. Mtu anayewaza kwa Kiswahili akaandika "3:00" kwa haraka anaweza kuonekana yuko sahihi kwa Tokyo, akazoea, halafu akaandika hivyohivyo kwa Hamburg na kikao kikavurugika. Kila barua iwe na mfumo wa saa 24, na kando yake iandikwe ni saa za wapi: "09:00 Moshi / 15:00 Tokyo".

Hamburg wao hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Wakati wa baridi wako nyuma yetu kwa saa mbili, wakati wa joto kwa saa moja. Kikao cha kila wiki cha 10:00 za Hamburg kwenu kitakuwa saa sita mchana wakati wa baridi na saa tano asubuhi wakati wa joto. Hizo Jumapili mbili ziwekwe kwenye kalenda ya ukutani.

Na hesabuni dirisha la kazi. Tokyo wakifunga ofisi 18:00, hapa ni saa sita mchana. Swali la Tokyo lililokuta ofisi inafunguliwa saa mbili asubuhi lina saa nne tu za kujibiwa siku hiyohiyo. Likisubiri baada ya chakula cha mchana, kwao limejibiwa kesho. Kwa hiyo asubuhi ni ya Tokyo, mchana ni wa Hamburg. Ofisi ikipanga hivyo tu, nusu ya lawama za "hamjibu" zinaisha.

Tarehe: marufuku 03/04. Mwezi uandikwe kwa herufi, au mtumie mpangilio wa mwaka-mwezi-siku (2026-04-03), ambao Wajapani wameuzoea na Mjerumani hataukosea. Marufuku pia "Ijumaa ijayo".

Namba: Mjerumani huweka nukta kwenye maelfu na mkato kwenye desimali. Kwake 1.250 ni elfu moja mia mbili hamsini. Kwenu ni moja na robo. Kwenye uzito andikeni "kilo 19,200" pamoja na "magunia 320" ili namba moja imlinde mwenzake. Bei ni hatari zaidi. Mnada wa Moshi unataja dola kwa kilo 50, soko la New York linataja senti za dola kwa ratili, na mkaangaji mdogo anataka dola kwa kilo. Senti 300 kwa ratili ni dola 6.61 kwa kilo na takriban dola 330.70 kwa kilo 50. Mhasibu abandike hiyo hesabu mezani, na kila ofa itaje kipimo chake.

Majina: Mjapani ni jina la ukoo likifuatiwa na "san", na hujiongezei "san" wewe mwenyewe. Mjerumani ni Bwana au Bibi na jina la ukoo, pamoja na "Daktari" kama analo, mpaka yeye aseme vinginevyo. Lakini msisahau kuwa nao hawajui wawaiteje. Majina yetu matatu yanawachanganya, hawajui la ukoo ni lipi wala kama mwandishi ni mwanamke au mwanamume. Sahihi ya barua iseme wazi: "Bi." au "Bw.", jina la kuitwa, cheo, na anashughulikia nini.

Mwisho, orodha ya sikukuu iende kwa wanunuzi mwanzoni mwa msimu, na ninyi muombe yao. Japani husimama mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Sisi tuna Saba Saba, Nane Nane, na Idi inayotegemea mwezi kuandama, jambo ambalo mtu wa Hamburg halijui na ataliona kama uzembe usipomweleza mapema.

---

AfisaWatu_Moshi

Nashukuru sana wakuu, hii ni dhahabu. Mambo mawili yananitatiza.

Kwanza, kanuni ya saa 24. Binti wa nyaraka akijua meli imeahirishwa hawezi kumwandikia mnunuzi kabla meneja hajaruhusu, na meneja anaweza kuwa shambani siku nzima. Nikimfundisha kuandika haraka, nitakuwa nimemtafutia ugomvi.

Pili, tumeshaanza kuandikiana na Tokyo. Swali moja la viuatilifu wameuliza mara tatu, kila mara mtu tofauti. Mtu wa ubora ameshaanza kuona hawamwamini.

---

Mkaguzi_wa_Ubora

Nianze na Tokyo kwa sababu ni kazi ninayoifahamu kwa undani.

Hilo swali la viuatilifu lina chanzo. Tangu Mei 2006 Japani ina utaratibu ambao kila kiuatilifu kisichowekewa kiwango maalumu kwa zao husika kinapimwa kwa kiwango kimoja cha jumla: sehemu 0.01 kwa kila sehemu milioni moja. Hicho ni kidogo mno. Mzigo ukikamatwa bandarini, ofisa aliyeupendekeza ndiye atakayejieleza. Kwa hiyo anayeagiza atauliza, wa ubora atauliza, na wa sheria atauliza. Wanakusanya maandishi ili kila idara iridhike kabla ya uamuzi, maana kwao uamuzi hukomaa chini kabla ya kufika kwa mkubwa. Kuulizwa mara tatu maana yake karatasi yako inapanda ngazi.

Kosa ambalo watu wetu hulifanya hapo ni mara ya kwanza kujibu kwa ukamilifu, ya pili kwa kifupi, na ya tatu "kama nilivyokwisha kueleza". Au wanabadilisha maneno ili wasionekane wanarudia. Tokyo huweka majibu hayo matatu mezani na kuyalinganisha. Yakitofautiana, hata kwa desimali, linazaliwa swali la nne. Tengenezeni faili moja la majibu: dawa zilizotumika shambani, tarehe ya mwisho ya kupuliza, cheti cha maabara na namba yake, nani amesaini. Kila anayeulizwa ajibu kutoka humo, neno kwa neno.

Kwenye simu ya video, wakinyamaza baada ya bei kutajwa, mwambie mtu wa mauzo asijaze ule ukimya. Watu wetu ukimya ukifika sekunde tano wanaongeza "ila tunaweza kupunguza kidogo". Wanakuwa wamejipunguzia wenyewe, wakati upande wa pili walikuwa wanafikiri tu. Lifanyieni mazoezi kwa saa mkononi: taja bei, nyamaza sekunde 15. Ni ngumu kuliko inavyosikika. Na mkisikia "tutalitafakari" au "hili ni gumu kidogo", msiandike kwenye kumbukumbu kuwa wamekubali. Ulizeni: "Kuna taarifa gani ya ziada ambayo ingewasaidia?" Jibu lake litaonyesha kama mlango uko wazi.

Sasa la meneja. Umegusa mahali penyewe. Mafunzo yote haya hayana maana kama anayejua habari hana ruhusa ya kuisema. Hili si la kumfundisha binti, ni la kukubaliana na uongozi kabla ya wiki ya pili. Andikeni ukurasa mmoja wa mamlaka. Mambo yanayoandikwa bila kuomba ruhusa: mabadiliko ya tarehe ya meli, hali ya nyaraka, matokeo ya vipimo yaliyosainiwa, kupokea malalamiko. Mambo yanayohitaji neno la meneja, kwa simu, ndani ya saa nne: kuahirisha upakiaji kwa sababu yetu wenyewe, kubadilisha shehena. Mambo ya mkurugenzi tu: bei, fidia, kukubali kosa kisheria. Meneja asipopatikana ndani ya saa nne, iandikwe ni nani anashika nafasi yake.

Na kila tukio liwe na barua ya mfano ambayo meneja ameshaipitisha. Binti anajaza tarehe na namba, anatuma, nakala kwa bosi. Hapo heshima imelindwa na mnunuzi amepata habari.

---

Maua_Naivasha

Salamu kutoka Kenya. Huku kwenye maua tunauza sana Uholanzi, wengine kupitia mnada wa Aalsmeer na wengine moja kwa moja, na yanayotokea na Mholanzi yatawatokea na Mjerumani. Nizungumzie malalamiko, kwa sababu hapo ndipo mfanyakazi mzuri huvunjika moyo.

Barua itakuja hivi: "Masanduku 14 kati ya 40 yana ukungu. Haikubaliki. Nini kimetokea?" Hakuna salamu, hakuna "natumai u mzima". Mfanyakazi wa huku anasoma hasira na mwisho wa uhusiano. Anajibu kwa aya tatu za kuomba radhi, anaeleza jinsi kampuni inavyomthamini mteja, na hajibu swali. Mteja sasa ndiyo anakasirika kweli, maana ameuliza sababu na amepewa hisia. Kwake barua ile fupi ilikuwa ya kazi tu. Kesho yake anaweza kuweka oda nyingine.

Jibu sahihi lina mistari minne. Wa kwanza: nimepokea, masanduku 14 kati ya 40, shehena namba fulani. Wa pili: ninaomba picha, namba za masanduku hayo, na rekodi ya kifaa cha joto kilichokuwa ndani. Wa tatu: huku tunakagua rekodi za chumba baridi na za upakiaji. Wa nne: utapata matokeo siku fulani, saa fulani. Pole moja fupi inatosha. Msikubali kosa wala kulikataa kabla ya takwimu kufika, na someni mkataba unatoa siku ngapi za kulalamika.

Kwa kahawa geuzeni hivi: sampuli ikirudi na neno "haifai, ina ladha ya chachu", mwonjaji ajibu kwa namba ya shehena, tarehe ya kuchakata, na kama kuna sampuli nyingine ya kutuma na lini. Mnunuzi kakataa sampuli tu, nyinyi hajawakataa.

Kwa Tokyo mpangilio wa jibu hilo hubadilika. Radhi inatangulia na inakuwa nzito kidogo, halafu ripoti yenye sehemu tatu: sababu, hatua mliyochukua papo hapo, na hatua ya kuzuia isirudie. Hiyo ya tatu wakiikosa hawaoni kama mmejibu.

Jambo lingine la Hamburg. Wataomba majira ya nukta ya kila shamba, yaani namba zinazoonyesha mahali lilipo kwenye ramani, kwa ajili ya kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 kuhusu ukataji misitu, namba 2023/1115. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja lakini wanunuzi wanaziomba data mapema. Shamba lisilozidi hekta nne linahitaji nukta moja, kubwa zaidi linahitaji mipaka yake yote. Msijibu kwa barua ya kuwahakikishia kuwa wakulima wenu ni waaminifu na wanatunza mazingira. Anataka faili, na faili lisipokuwepo anataka tarehe litakapokuwepo. Na kazi ngumu iko upande huu: anayekwenda kwa mkulima na simu ya kupima shamba lazima aweze kueleza ni kwa nini mtu wa Ulaya anataka ramani ya ardhi yake, la sivyo uvumi wa kunyang'anywa mashamba utamtangulia kijijini. Huyo mfanyakazi naye anahitaji mafunzo ya mawasiliano, msimsahau.

---

Mwambao_Muscat

Assalaam aleikum. Naona Muscat imeachwa nyuma, labda kwa kuwa inaonekana rahisi. Huku Waomani wenye asili ya Unguja, Pemba na Mrima ni wengi, na mkaangaji wenu anaweza kuanza simu kwa "Hujambo bwana, habari za huko?" Wafanyakazi watajisikia nyumbani. Hapo ndipo wanapoacha kuandika.

Biashara nyingi huku huanzia kwenye simu na ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Hilo lifuateni, msilazimishe barua pepe kwa kila kitu, mtaonekana mnajitenga. Lakini kila baada ya mazungumzo yenye bei, kiasi au tarehe, mtu wa mauzo atume ujumbe mfupi wa maandishi siku hiyohiyo: "Kama tulivyozungumza: magunia 60, bei kadhaa kwa kilo, kupakia kabla ya tarehe kadhaa. Nikiwa nimekosea naomba unisahihishe." Haimvunjii mtu heshima, na ndiyo kumbukumbu pekee mtakayokuwa nayo. Msidhani pia kuwa kila anayezungumza Kiswahili anakisoma kwa urahisi. Wengi wamekipata kwa kusikia, wamesoma kwa Kiarabu au Kiingereza. Ulizeni angependa mkataba uwe kwa lugha gani.

Salamu haziharakishwi. Afya, familia kwa ujumla, safari, mvua, halafu biashara. Msiulize habari za mke wa mtu kwa jina. Mzee akiwepo, salamu zianze kwake hata kama mwenye kuandika hundi ni kijana wake. Akija mwenzenu hapa Muscat atapewa kahawa kwenye finjani ndogo: apokee kwa mkono wa kulia, anywe angalau moja, na akitosheka aitikise finjani kidogo wakati wa kuirudisha, la sivyo itajazwa tena.

Wiki ya Oman inaanza Jumapili, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Tofautisheni na Dubai: Imarati tangu Januari 2022 wanapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa serikalini ni nusu siku. Mkiwa na mzigo unaopita huko, ofisi mbili za Ghuba zinaweza kuwa na siku tofauti za kufunga. Ramadhani saa za kazi hupungua. Simu za mchana ziwe chache na fupi.

Na "inshallah" msiihesabu kuwa kukataa wala kukubali. Ni kumtaja Mungu katika jambo la kesho, na sisi wenyewe tunaisema. Kama tarehe ni muhimu, uliza jambo la karibu yake: "Benki itafungua barua ya dhamana ya malipo siku gani?" Jibu la hilo ndilo litakuonyesha.

---

Takwimu_Kwanza

Neno moja kuhusu lile jedwali la nchi. Mengi ya majedwali hayo chimbuko lake ni kazi ya mtafiti Geert Hofstede, aliyechambua madodoso ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM yaliyokusanywa karibu 1967 hadi 1973. Alama za awali zinazoonyeshwa kama za Tanzania zilikuwa za kundi aliloliita Afrika Mashariki, na ndani yake walijumlishwa Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia. Kwa hiyo mkufunzi akiwaambia wafanyakazi wa Moshi kuwa "Mtanzania ana alama kadhaa za kuheshimu madaraka", anawasomea wastani wa nchi nne, kutoka kwa waajiriwa wa kampuni moja, wa zaidi ya nusu karne iliyopita.

Jedwali linaweza kufungua mazungumzo kwa dakika 20. Tatizo linaanza mfanyakazi anapopokea barua kutoka Hamburg na kujibu jedwali badala ya kumjibu mtu. Huko Hamburg mnayeandikiana naye anaweza kuwa Mturuki aliyezaliwa pale au Mbrazili wa idara ya kahawa. Fungueni ukurasa mmoja kwa kila mtu mnayeshughulika naye: anajibu baada ya muda gani, anapenda simu au barua, anauliza nini mara kwa mara, nani huamua juu yake. Baada ya miezi mitatu ukurasa huo utakuwa na thamani kuliko jedwali lolote.

---

Mkataba_FOB

Nikuwekee wiki sita zako kwa mafungu. Wiki ya kwanza, barua 30 na kalamu, sambamba na ukurasa wa mamlaka kusainiwa na uongozi. Ya pili, saa, tarehe, namba, na faili la majibu. Ya tatu na ya nne ndizo nzito: kadi za matukio, barua kwa Hamburg na Tokyo, kila mtu aandike angalau barua nane. Ya tano, simu za video. Tafuteni mtu wa nje ya kampuni awe mnunuzi, hata mwalimu wa sekondari, ili wasimjue. Dakika 20 kila simu, na ndani ya saa 24 mfanyakazi atume muhtasari wa maamuzi, nani anafanya nini, lini. Ya sita, Muscat na mapokezi ya wageni.

Mapokezi yasichukue zaidi ya nusu siku. Ratiba iandikwe na muda wa barabarani uhesabiwe kwa ukweli: kama Moshi hadi kijijini ni saa moja na nusu, isiandikwe dakika 45. Wajapani wapelekewe mapema majina na vyeo vya watakaokuwepo. Kadi ya jina hupokewa kwa mikono miwili, husomwa, na huwekwa mezani mbele yako, haitiwi mfuko wa nyuma. Mgeni mkuu akae mbali na mlango. Zawadi zisiwe vipande vinne, kwa kuwa namba hiyo kwao inahusishwa na kifo.

Kujua kama wameiva, kuna vipimo vitatu vya kuchukua kwenye barua halisi kila mwisho wa mwezi: ahadi ngapi zimetoka bila tarehe, saa ngapi zimepita kati ya kampuni kujua tatizo na mnunuzi kuambiwa, na maswali mangapi mnunuzi amelazimika kuyarudia kwa sababu hakujibiwa kikamilifu. Maswali ya Tokyo ya kupandisha ngazi msiyahesabu hapo.

---

AfisaWatu_Moshi

Asanteni sana, naanza Jumatatu. La mwisho: meneja wa kiwanda awemo kwenye zoezi la kadi, au awe msimamizi tu?

---

Mkaguzi_wa_Ubora

Awemo, na aandike kama wengine. Mpe kadi ya unyevu wa 12.8%, na barua yake isomwe na binti wa nyaraka. Ila binti asiisahihishe mbele ya watu wote siku ya kwanza. Aandike jibu lake chini ya barua, meneja alisome mwenyewe. Wakishazoea, wiki ya nne, yasomwe kwa sauti.